Mfalme Aliyechimba Mabwawa: Maisha ya Jeongjo wa Korea (1752–1800)

Wahenga walituachia usemi kwamba mkulima ni mmoja ilhali walaji ni wengi. Usemi huu una ukweli wake katika kila nchi inayotegemea jembe, na katika Korea ya kale ukweli huo uliandikwa kwa maji. Korea ni nchi ya milima. Mvua yake nyingi hunyesha katika miezi michache ya kiangazi, mito yake mingi ni mifupi, na maji yake hukimbilia baharini kabla mkulima hajayatumia. Majira ya kuchipua, wakati miche ya mpunga inapohitaji maji zaidi ya kitu kingine chochote, mbingu mara nyingi huwa kavu. Kwa sababu hiyo, tangu enzi za kale, watu wa nchi hiyo walijenga matuta ya kuzuia maji ya mabondeni na vizuizi vya kuyageuza maji ya mito yaelekee mashambani.

Hata hivyo, wako walioisimulia historia ya unyunyizaji maji nchini Korea kana kwamba ilianza siku Wajapani walipoitawala nchi hiyo. Maisha ya Mfalme Jeongjo, mfalme wa 22 wa nasaba ya Joseon, yanaukanusha usimulizi huo. Aidha, yale yaliyotokea baada ya kifo chake yanafunza jambo jingine: kwamba si aghalabu bwawa kumfaa mkulima kwa sababu tu limejengwa. Swali kuu ni nani anayeyatawala maji na nani anayekula kinachovunwa.

Kuzaliwa na Malezi

Jeongjo, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yi San, alizaliwa mwaka wa 1752 katika kasri la kifalme la Hanyang, mji ambao leo unajulikana kama Seoul. Babu yake, Mfalme Yeongjo, alikuwa ametawala tangu 1724. Baba yake alikuwa Sado, mrithi wa ufalme, na mama yake alikuwa Bibi Hyegyeong, mwanamke ambaye baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake ya kasrini, kumbukumbu zinazosomwa hadi leo.

Utoto wa Yi San ulikatizwa na msiba mzito. Sado alikuwa na maradhi ya akili, akawaua baadhi ya watumishi wa kasri, na uhasama kati yake na baba yake ukazidi kukua mwaka hadi mwaka. Mwaka wa 1762, Mfalme Yeongjo aliamuru mwanawe aingie katika sanduku la kuhifadhia mchele, kisha likafungwa. Sado alikata roho humo baada ya siku nane za joto kali. Yi San hakuwa ametimiza miaka kumi. Ili asiitwe mwana wa mkosaji na kupoteza haki ya kurithi kiti, aliandikishwa kuwa mwana wa ami yake aliyekuwa amekwisha kufariki.

Damu ni nzito kuliko maji. Mtoto huyo hakumsahau baba yake. Alijizamisha katika masomo, akawa msomaji na mwandishi wa kupigiwa mfano miongoni mwa wafalme wa nasaba yake. Babu yake alipofariki mwaka wa 1776, Yi San alitawazwa akiwa na umri wa miaka 23, na mara tu alipotawazwa aliutangazia umma kwamba yeye ni mwana wa Sado. Tangazo hilo liliwatia hofu waliokuwa wameshiriki katika anguko la baba yake. Njama za kumwangamiza zilifuata mapema katika utawala wake, lakini hazikufaulu.

Hali ya Maji Alipotawazwa

Nchi aliyoirithi ilikuwa katika mageuzi makubwa ya kilimo. Hapo zamani wakulima wengi walisia mbegu za mpunga moja kwa moja shambani. Kufikia karne ya 18, wengi wao, hasa wa kusini, walikuwa wamehamia mbinu ya kuatika, yaani kuotesha miche katika kitalu kidogo kisha kuipandikiza shambani. Mbinu hii ilipunguza kazi ya palizi na ilimwezesha mkulima kuvuna shayiri kwanza, kisha kupanda mpunga katika shamba lilo hilo. Lakini ilikuwa na hatari yake. Mvua ikichelewa wakati wa kupandikiza, miche huzeeka kitaluni na msimu mzima hupotea. Ndiyo maana serikali za awali zilikuwa zimejaribu kuizuia mbinu hiyo. Mkulima aliyeatika miche alihitaji akiba ya maji, na akiba hiyo ilikuwa nyuma ya tuta la bwawa.

Mabwawa yalikuwapo. Kumbukumbu za serikali za mwanzoni mwa karne ya 19 zilihesabu zaidi ya mabwawa 3,000 na zaidi ya vizuizi vya mito 2,000 kote nchini. Bwawa la Byeokgolje katika tambarare ya Gimje, ambalo ujenzi wake huhesabiwa kuwa ulifanyika mnamo mwaka wa 330, lilikuwa na tuta la urefu wa takriban kilomita tatu. Tatizo lilikuwa utunzaji. Maji ya mlimani hubeba udongo, na udongo huo hutuama chini ya bwawa. Lisipozolewa tope kwa miaka kadhaa, bwawa hupungua kina na pembe zake hugeuka kuwa ardhi yenye rutuba ya ajabu. Hapo ndipo makabaila walipotia tamaa. Waliilima ardhi hiyo, kisha wakataka maji yasijae tena ili mimea yao isizame. Hivyo, shamba la mtu mmoja ndani ya bwawa liliweza kuyanyima maji mashamba ya watu mia moja chini ya bwawa.

Jeongjo aliutambua ugonjwa huu mapema. Mwaka wa 1778, miaka miwili tu baada ya kutawazwa, alitoa kanuni za kusimamia mabwawa. Maliwali wa wilaya waliagizwa kuyakagua matuta na kuyakarabati, na kilimo ndani ya mabwawa kikapigwa marufuku. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mkulima wa mpunga, ufa wa tuta hauna subira. Pamoja na hayo, amri iliyotolewa kasrini ilikuwa rahisi kuandika kuliko kutekelezwa wilayani, kwa kuwa mara nyingi waliolima ndani ya mabwawa walikuwa jamaa na marafiki wa wale waliotakiwa kuwazuia.

Suwon: Kaburi, Ukuta na Maji

Mwaka wa 1789, Jeongjo aliyahamisha mabaki ya baba yake hadi kwenye mlima wa Hwasan, karibu na Suwon, takriban kilomita 30 kusini mwa Hanyang. Wakazi wa mji wa zamani uliokuwa chini ya mlima huo walihamishiwa mahali papya. Katika mji huo mpya, mfalme aliamua kujenga ngome kubwa iliyoitwa Hwaseong. Kwa mtazamo wa kwanza mradi huu ulikuwa wa mwana kumheshimu babaye. Kwa undani, ulikuwa pia wa mfalme aliyetaka kuwa na kituo cha nguvu mbali na makundi ya kisiasa ya mji mkuu, akilindwa na kikosi chake mwenyewe cha Jangyongyeong.

Mtaalamu aliyemtegemea katika mipango hiyo alikuwa msomi kijana, Jeong Yak-yong. Mfalme alimpa kitabu cha mitambo kilichotoka China, na mwaka wa 1792 msomi huyo akabuni kifaa cha kapi na kamba kilichowezesha watu wachache kuinua mawe makubwa. Ujenzi ulianza 1794, na ingawa ulikadiriwa kuchukua miaka kumi, ukuta wenye urefu wa takriban kilomita 5.7 ulikamilika mwaka wa 1796. Jambo la kutajwa ni kwamba wafanyakazi walilipwa ujira. Katika nchi ambamo mkulima alizoea kuitwa kazini kwa shuruti bila malipo, hatua hiyo haikuwa ndogo. Hesabu za ujenzi huo, pamoja na majina ya mafundi, zilichapishwa katika kitabu rasmi mwaka wa 1801.

Mwaka wa 1794 ukame uliipiga nchi. Mwishoni mwa mwaka huo, mfalme alisimamisha ujenzi wa ukuta. Huenda mtawala mwingine angewaacha wafanyakazi wasubiri mvua, ila Jeongjo aliigeuza kazi ielekee upande wa maji. Mwaka wa 1795, kaskazini mwa ngome, lilichimbwa bwawa la Manseokgeo, jina linalobeba maana ya magunia elfu kumi ya nafaka. Liliwekewa mlango wa maji uliowezesha kuyafungulia au kuyafunga kwa kiasi. Nyika iliyokuwa chini yake ililimwa ikawa shamba kubwa la serikali lililoitwa Daeyudun. Ardhi iligawiwa askari na wakazi wa Suwon waliohitaji, nao wakapewa ng'ombe wa kulimia na mbegu. Sehemu ya mavuno iliingia katika hazina ya kuutunza mji na ngome yake. Kwa njia hiyo, mji haukuhitaji kuwakamua wakulima wa mbali ili uishi, na fukara wa Suwon alipata ujira wakati wa kuchimba na riziki baada ya kuchimba.

Mwaka huo huo, mfalme alisafiri hadi Suwon pamoja na mama yake kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa mama huyo. Safari hiyo ya siku nane ilikuwa na fahari kubwa, lakini ratiba yake ilijumuisha pia kugawa mchele kwa maskini wa mji. Ni vigumu kumtazama mwana huyu akigawa mchele mbele ya mama yake bila kukumbuka sanduku lililomwua baba yake.

Mafanikio ya Manseokgeo yalimtia mfalme ari. Mwaka wa 1798 lilijengwa bwawa la Mannyeonje karibu na kaburi la Sado, na mwaka wa 1799 likafuata Chukmanje, magharibi mwa ngome, ambalo watu huliita Seoho, yaani Ziwa la Magharibi. Hili lilikuwa kubwa kuliko yale ya awali, na chini yake pia palifunguliwa shamba la serikali.

Wito wa Mwaka wa 1798

Suwon ilikuwa kielelezo, lakini nchi ilikuwa pana. Mwishoni mwa 1798, Jeongjo alitoa wito kwa maliwali, wasomi na watu wa kawaida wampelekee maandishi kuhusu namna ya kustawisha kilimo. Makumi ya watu waliitikia. Jeong Yak-yong, ambaye wakati huo alikuwa liwali wa Goksan, alituma mapendekezo yake. Park Je-ga, aliyekuwa amezuru China na kuvutiwa na zana zake, alituma yake. Park Ji-won, liwali wa Myeoncheon na mmojawapo wa waandishi mahiri wa zama hizo, aliwasilisha kitabu kizima mwaka wa 1799. Ndani yake, fauka ya kueleza zana na mbinu za kunyunyiza maji, alipendekeza kwamba pawekwe kikomo cha ardhi ambayo mtu mmoja angeweza kumiliki.

Pendekezo hilo liligusa kiini cha jambo. Maji yakiongezeka katika nchi ambamo ardhi imo mikononi mwa wachache, faida huongezeka mikononi mwa hao hao wachache. Mpangaji anayelima shamba la kabaila humpa mwenye shamba takriban nusu ya mavuno, maji yawe haba au tele. Jeongjo aliyasoma maandishi hayo, lakini hakuigusa milki ya makabaila. Yamkini alihofia upinzani wao, au alikusudia kusubiri wakati mwafaka. Vyovyote iwavyo, wakati huo haukuja.

Isitoshe, haifai kumchora mfalme huyu kana kwamba hakuwa na ila. Mgala muue na haki yake mpe, na aliyetenda haki naye asifichiwe makosa yake. Yeye aliyemwomba Park Ji-won ushauri wa kilimo ndiye aliyekuwa amemkemea mwandishi huyo huyo miaka michache awali kwa sababu ya mtindo wake mpya wa uandishi, akiwataka wasomi warejee katika nathari ya kale. Alivunja ukiritimba wa wafanyabiashara wengi wa mji mkuu mwaka wa 1791 na kuwafungulia wasomi waliozaliwa na masuria nafasi katika maktaba ya kifalme ya Gyujanggak, lakini mageuzi yake yote yalikuwa kama maji ya bwawa moja: yalishikiliwa na tuta moja, nalo lilikuwa yeye mwenyewe.

Kifo na Yaliyofuata

Chema hakidumu. Katika kiangazi cha mwaka wa 1800, Jeongjo aliugua majipu yaliyomsababishia homa kali, akafariki akiwa na umri wa miaka 47. Mwanawe Sunjo alikuwa na miaka kumi tu, hivyo mamlaka yakaingia mikononi mwa mjane wa Mfalme Yeongjo. Mwaka wa 1801 Wakristo Wakatoliki waliteswa na kuuawa, na Jeong Yak-yong, aliyekuwa amehusishwa nao, akapelekwa uhamishoni. Alikaa huko hadi 1818, akiandika vitabu kuhusu wajibu wa liwali kwa raia. Kikosi cha Jangyongyeong kilivunjwa mwaka wa 1802. Baadaye, koo za wakwe wa wafalme ziliitawala serikali, vyeo vikauzwa, na aliyenunua cheo alikwenda wilayani kurudisha fedha zake.

Matokeo yake yalidhihirika katika wilaya ya Gobu, kusini magharibi mwa nchi. Liwali Jo Byeong-gap, aliyeteuliwa mwaka wa 1892, aliwalazimisha wakulima kujenga kizuizi kipya mtoni ilhali kizuizi cha zamani kilikuwa kikifanya kazi. Kisha akawatoza kodi ya maji yaliyozuiwa kwa jasho lao wenyewe. Kizuizi hicho kiliitwa Manseokbo. Neno manseok, magunia elfu kumi, ni lile lile lililomo katika jina la bwawa la Jeongjo. Karibu miaka mia moja ilikuwa imepita. Jina lilibaki, maana ikageuka kichwa chini miguu juu. Mapema mwaka wa 1894 wakulima wakiongozwa na Jeon Bong-jun waliivamia ofisi ya liwali, na hatimaye kizuizi hicho kikabomolewa. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa vuguvugu kubwa la wakulima la Donghak. Serikali iliomba msaada wa China, Japani nayo ikaleta majeshi yake bila kualikwa, na vita kati ya China na Japani vikazuka mwaka huo huo katika ardhi ya Korea.

Maji Chini ya Wakoloni

Japani iliifanya Korea kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake mwaka wa 1905, kisha ikaitwaa rasmi mwaka wa 1910. Mnamo 1906, kando ya bwawa la Chukmanje, Wajapani walianzisha shamba la mfano la kilimo. Hawakuchagua mahali hapo kwa bahati: maji yalikuwapo tayari, na mashamba yaliyonyunyizwa yalikuwapo tayari. Mwaka huo huo zilitolewa kanuni za kuunda vyama vya unyunyizaji, na chama cha kwanza kikaanzishwa Okgu mwaka wa 1908.

Mwaka wa 1918, bei ya mchele ilipanda mno nchini Japani hadi ghasia zikazuka katika miji na vijiji vingi. Serikali ya Japani iliitazama Korea kama ghala lake. Mpango wa kuongeza uzalishaji wa mchele ulianza 1920, na uti wake wa mgongo ulikuwa unyunyizaji. Kusema kweli, mabwawa makubwa yalijengwa, mifereji mirefu ikachimbwa na mavuno yakaongezeka. Lakini mchele uliosafirishwa hadi Japani uliongezeka kwa kasi kuliko mavuno, na Mkorea wa kawaida akala mchele kidogo zaidi ya alivyokula awali. Pengo hilo lilijazwa kwa nafaka za bei nafuu zilizoletwa kutoka Manchuria.

Vyama vya unyunyizaji vilikopa fedha za ujenzi, na mikopo hiyo ililipwa kwa ada zilizotozwa wenye mashamba. Wamiliki wakubwa, wengi wao wakiwa Wajapani, walipoafikiana kuunda chama, wakulima wadogo waliomo katika eneo hilo hawakuwa na njia ya kujitoa. Bei ya mchele ilipoporomoka mnamo 1930, wengi walishindwa kulipa ada wakauza mashamba yao. Maandamano ya kuvipinga vyama hivyo yalitokea sehemu mbalimbali za nchi. Katika tambarare ya Gimje, chama cha Dongjin kilichoundwa mwaka wa 1925 kililitumia tuta la kale la Byeokgolje kama njia ya mfereji wake, kikaliharibu kwa kulipasua kwa urefu. Mpango wa mchele ulisitishwa mwaka wa 1934, wakati wakulima wa Japani wenyewe walipolalamika kwamba mchele wa bei rahisi kutoka Korea unawaharibia soko. Hata katika kuusimamisha, aliyesikizwa hakuwa mkulima wa Korea.

Hitimisho

Ukoloni wa Japani ulikoma mwaka wa 1945. Ardhi iligawanywa upya katika miaka iliyofuata, na Suwon ikabaki kitovu cha utafiti wa kilimo nchini Korea Kusini. Taasisi ya taifa ya ustawi wa kilimo, iliyoundwa 1962, ilikuwa mjini humo hadi ilipohamia Jeonju mwaka wa 2014. Ngome ya Hwaseong iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1997. Chukmanje ilitambuliwa kimataifa kuwa urithi wa unyunyizaji mwaka wa 2016, na Manseokgeo ikafuata mwaka wa 2017.

Maisha ya Jeongjo yanawakanusha wanaodai kwamba mkoloni ndiye aliyewafundisha Wakorea kuzuia maji. Wakati huo huo, kisa cha Gobu kinawakanusha wanaodhani kwamba kabla ya mkoloni haki ilitiririka kama kijito. Manseokgeo ya 1795, Manseokbo ya Jo Byeong-gap na mifereji ya miaka ya 1920 zote zilizuia maji, na zote ziliotesha mpunga. Zilitofautiana katika jambo moja: aliyechimba alipata nini. Jeongjo alimlipa aliyechimba na kumpa ardhi ya kulima, lakini hakumwachia sauti ya kuilinda haki hiyo mfalme atakapoondoka. Haki iliyotegemea moyo wa mtu mmoja ilizikwa naye Hwasan, karibu na kaburi la baba yake. Mabwawa yake yalibaki, yakimsubiri yeyote ambaye angeushika mlango wa maji.